Swali la Kiwanja cha Pongwe

Barua ya mahakama ilinikuta nimetoka zamu ya usiku, viatu bado miguuni. Ilisema nisipolipa ndani ya siku 15, anayenidai ataomba mshahara wangu ukatwe. Hiyo ilikuwa Desemba 2023, hapa Columbus, Ohio, ambako nimebeba boksi miaka kumi na moja, mingi kati ya hiyo nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa.

Fedha zenyewe sikuzila mimi. Nilimdhamini mtoto wa binamu yangu kununua gari kwa mkopo. Akashindwa kulipa, gari likaja kubebwa usiku, likapigwa mnada kwa bei ya kutupa, na kilichopungua, dola 9,800, kikaniangukia mimi niliyeweka saini. Juu ya hilo nilikuwa na deni la hospitali la dola 11,200, la upasuaji wangu wa uvimbe, na kadi nne za mkopo zilizofika jumla ya 19,400. Kila kadi ilianza na jambo la haki: matibabu ya mama, paa la nyumba ya wazee lililoezuliwa na upepo, ada ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Hakuna siku niliyonunua anasa. Riba ndiyo iliyofanya kazi iliyobaki.

Kwetu Tanga, nilipokuwa mdogo, mufilisi alikuwa mtu wa kunyooshewa kidole. Duka linatiwa kufuli, watu wanapita wakiteta. Ndiyo maana jirani mmoja aliponiambia, "Mama watoto, hapa sheria inaruhusu, fungua kesi ya kufilisika uanze upya," nilikaa naye mbali kama wiki mbili hivi. Niliona amenitukana.

Kilichonirudisha ni hesabu. Sheria ya nchi nzima inaruhusu deni la kawaida kama lile likate hadi robo ya mshahara baada ya kodi. Kwangu ilikuwa kama dola 358 kila baada ya wiki mbili. Kodi ya nyumba ingelipwa na nini?

Kwa kuwa sikuwa na pesa za wakili, nilikwenda kwanza kwa mtu. Ni mwenzetu, anaongea Kiswahili, anajaza fomu za uhamiaji, za kodi, za talaka, anafanyia kazi sebuleni kwake. Alinitajia dola 300, nikampa 150 ya kutangulia. Alikuwa mpole kwelikweli, na watoto wake waliniletea chai. Akaniuliza mali niliyonayo. Nikamwambia gari langu, vitu vya ndani, na kiwanja Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nilichonunua 2016 kwa shilingi milioni nne na nusu.

Akatikisa kichwa. "Dada yangu, hicho cha nyumbani usikiandike. Nani atatoka hapa aende Tanga kukitafuta?"

Ilinipendeza, nakiri. Kiwanja kile ndicho kitu pekee duniani chenye jina langu peke yangu. Lakini nilimwomba karatasi nikazisome kazini usiku, wagonjwa wakishalala. Kwenye ukurasa wa kiapo, chini kabisa, imeandikwa kwamba kusema uongo katika fomu zile kunaweza kukuletea faini ya hadi dola 250,000, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Nilisoma mara tatu. Mimi ni mkaazi mwenye kadi ya kijani, nasubiri uraia. Asubuhi nilimrudishia karatasi zake bila saini. Ile 150 sikuirudishiwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sheria inawatambua watu wa namna ile: mtu asiye wakili anaruhusiwa kukujazia fomu kwa malipo, ila haruhusiwi kukupa ushauri wowote wa kisheria, hata wa kukwambia uandike nini na uache nini. Na kila fomu aliyoijaza lazima aweke jina na saini yake. Zile zangu hazikuwa na jina la mtu yeyote ila langu. Siwasemi wote. Nasema utazame chini ya karatasi kama aliyeijaza amejitaja.

Mwishoni mwa Januari nikaanza kutafuta mawakili. Mazungumzo ya kwanza wengi wao hawatozi, kwa hiyo nilikwenda kwa watatu kwa wiki moja, nikipanga kati ya zamu na zamu.

Wa kwanza alikuwa na bango la kukubali uanze bila kulipa chochote. Mkataba wake unagawanywa mara mbili: sehemu ndogo ya kazi kabla ya kufungua kesi, na sehemu kubwa baada ya kufungua, unayoilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Jumla, dola 2,400. Kwa mtu ambaye mshahara wake unakatwa wiki hii hii, huenda njia hiyo ikamfaa, maana kesi inafunguliwa upesi. Kwangu mimi ilikuwa kama kutoka deni moja na kuingia jingine.

Wa pili alinitajia 950 kwenye simu, nikafurahi. Nilipofika ofisini kwake sikumwona wakili, niliongea na msichana wa mapokezi mwenye orodha. Mkataba wenyewe ulikuwa na mistari mingi midogo: ukisahau mtu anayekudai, ongeza, ukikosa kikao, ongeza, mfilisi, yaani mtu anayeteuliwa kukagua mali yako, akitaka nyaraka za ziada, ongeza. Nikauliza kiwanja cha nje ya nchi kinahesabiwaje. Akasema ataniulizia baadaye. Mpaka leo.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo katika ofisi ndogo juu ya duka la miwani. Alinitajia 1,450 kwa kesi nzima ya Sura ya 7, ile sehemu ya sheria ya kufilisika inayofuta madeni, bila kuhesabu ada ya mahakama. Kabla hata sijauliza lolote la bei akaniuliza, "Una ardhi, nyumba, ng'ombe, akaunti, chochote chenye jina lako popote duniani?"

Nilimweleza Pongwe. Akaandika. Hakushtuka, hakunikemea, akaendelea. Ulimlipa ndugu yeyote deni ndani ya mwaka mmoja uliopita? Nilimrudishia dada yangu dola 500. Akasema ni chini ya 600, basi mfilisi hatamfuata dada yako. Ingekuwa zaidi, angeweza kumdai azirudishe. Unatuma pesa nyumbani? Dola 200 kila mwezi kwa mama. Akaniambia fomu ya matumizi ina mstari wake wa watu unaowasaidia wasioishi nawe, na tutaziandika pale, nimletee risiti. Una mchezo wa kuchangiana? Nilinyamaza kwanza, nikashangaa kajuaje. Tulikuwa wanawake kumi, upatu wa dola 200, zamu yangu ya nane, na nilikuwa nimeshatoa miezi mitano. Akaandika 1,000 kwenye mali. Upatu ambao hujapokea ni pesa yako iliyo mikononi mwa wenzako, alisema, na mahakama inataka kuijua.

Saa nzima ile nilikuwa nahesabu kichwani tofauti ya 950 na 1,450. Nilipotoka nilikuwa nimeacha. Yale maswali manne hakuna mwingine aliyeniuliza, na kila moja lilikuwa shimo ambalo ningetumbukia peke yangu, mbele ya ofisa, nikiwa chini ya kiapo.

Lakini 1,450 utaitoa wapi ikiwa umefilisika? Hili ndilo watu huniuliza sana, na mwanzoni nililiona ni ukatili: wakili wa kesi za Sura ya 7 kwa kawaida anataka alipwe yote kabla hajaifungua. Mwenyewe alinieleza. Siku kesi inafunguliwa, kila unayedaiwa naye anaingia kwenye orodha ya madeni ya kufutwa, na wakili uliyembakizia anaingia humo humo pamoja na kadi na hospitali. Kwa hiyo hafungui mpaka umemaliza.

Akanipa njia. Kwanza, niache kulipa zile kadi nne. Nilikuwa nazitupia dola 410 kila mwezi, na deni halishuki, na mbele ya safari lingefutwa lote. Kuacha kulipa kuliniuma kuliko nilivyotarajia; nililelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Simu zilianza saa mbili asubuhi. Akaniambia nikishamwajiri niwape wadai jina na namba yake tu, nao wakusanya madeni wakishajua nina wakili hawaruhusiwi kuendelea kunitafuta mimi. Nyingi zilikoma.

Pili, marejesho ya kodi. Nina watoto wawili, nawalea peke yangu, na mwaka ule serikali ilinirejeshea dola 4,100 na ushei mwishoni mwa Februari. Hapa tena nashukuru kuuliza mapema. Marejesho yakiwa bado hayajafika siku unapofungua kesi, mfilisi anaweza kudai sehemu yake kwa ajili ya wanaokudai. Hapa Ohio ile sehemu inayotokana na watoto na kipato kidogo inalindwa, iliyobaki si lazima. Alitaka yafike kwanza, niyatumie kwa mambo ya lazima na kutunza kila risiti: kodi ya nyumba, matairi, dawa, na yeye mwenyewe. Alinikataza mambo mawili kwa sauti ya ukali: nisitume hata senti ya ziada nyumbani kwa kuficha, na nisiguse kadi, hata kwa kumlipa yeye. Kumshauri mteja akope ili alipe wakili ni kinyume cha sheria, na kukopa huku unajua utaomba deni lifutwe ni kujitafutia kesi ndani ya kesi.

Kwa hiyo nilimpa 300 siku ya mkataba, 300 katikati ya Februari, na 850 marejesho yalipoingia. Ada ya mahakama ya Sura ya 7 ilikuwa dola 338, nikaitoa siku hiyo hiyo. Kuna msamaha wa ada hiyo kwa mwenye kipato kilicho chini ya asilimia 150 ya mstari wa umaskini, na mimi kwa familia ya watu watatu nilikuwa nimeuvuka kwa sababu ya zamu za ziada. Asiyepata msamaha anaweza kuomba mahakama ailipe kwa awamu, zisizozidi nne, ila akiwa kwenye awamu hizo haruhusiwi kuendelea kumlipa wakili mpaka ada iishe. Watu wengi hawaambiwi hilo. Kulikuwa pia na masomo mawili ya lazima kwenye intaneti: moja la ushauri wa madeni kabla ya kufungua, jingine la matumizi ya pesa baada ya kufungua. La kwanza nililipa 20, la pili 15. Ukikosa la pili kesi inafungwa na madeni hayafutwi, na kuifungua tena ni gharama nyingine.

Aliniuliza pia kama nina nyumba ninayoilipia benki na nimechelewa. Sina. Mwenye nyumba mara nyingi hupelekwa Sura ya 13, ambayo ni mpango wa kulipa kwa miaka mitatu hadi mitano. Wakili wake ni ghali zaidi, alinitajia 4,000, ila nyingi ya hizo zinaingizwa ndani ya mpango wenyewe, hutoi zote mbele. Kuiendesha ile bila wakili, alisema, wachache sana wanafika mwisho.

Sasa Pongwe.

Kazi ya mfilisi ni kukagua kama una kitu cha kuuza awalipe wadai. Kila jimbo lina orodha ya vitu usivyonyang'anywa na viwango vyake. Gari la bei ndogo, vyombo vya ndani, kiasi fulani cha pesa. Kiwanja kitupu nje ya nchi hakina mlinzi kwenye orodha ya Ohio isipokuwa ule mfuko mdogo wa kulinda kitu chochote upendacho. Wakili wangu alitaka kujua thamani yake halisi, kwa karatasi, siyo kwa mdomo wangu.

Nilimpigia kaka yangu mdogo saa nne usiku ya huku, saa kumi na mbili asubuhi ya Tanga. Nilimweleza polepole. Akanyamaza, kisha akauliza, "Dada, wanakuja kukichukua?" Nikasikia sauti ya mama nyuma yake akiuliza kuna nini. Nilimwomba asimwambie. Hiyo ndiyo gharama ambayo haimo kwenye mkataba wowote, na kwangu ilizidi zile nyingine: kumwambia mdogo wako, ambaye kwa miaka kumi na moja amekuona kama benki, kwamba dada yake hana kitu.

Kaka yangu alifanya kazi ya mtu mzima. Alitafuta hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi, akapiga picha kila ukurasa. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaandikiwa barua kwamba viwanja vya ukubwa ule, visivyopimwa, vinauzwa kama milioni saba. Ilikuwa kama dola 2,700 za wakati ule. Kutafsiri karatasi zile kwa Kiingereza nililipa 120.

Machi mosi nilikatwa mshahara mara ya kwanza, 358 kamili. Machi 12 kesi ikafunguliwa. Kuanzia saa ile wadai wote wanatakiwa kusimama: simu, barua, makato. Mwajiri wangu alipewa taarifa na mshahara uliofuata ukaja mzima. Niliutazama kwenye simu nikiwa kwenye basi la wafanyakazi, nikashuka kituo cha mbele.

Kikao na mfilisi kilikuwa Aprili, kwa video, wakili wangu kwenye kidirisha cha pembeni. Nilionyesha kitambulisho na kadi ya hifadhi ya jamii. Wasiojiamini Kiingereza wajue kwamba kuna mkalimani wa simu katika kikao hiki, bila malipo, ukimwambia wakili wako mapema. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahakama ya sinema. Ilikuwa dakika kumi na mbili. Wadai wana haki ya kuja. Hakuja hata mmoja.

"Umezisoma fomu hizi kabla ya kutia saini?" Ndiyo. "Yote yaliyomo ni kweli?" Ndiyo. "Una mali yoyote nje ya Marekani?"

Lile swali lenyewe, maneno yale yale. Nikasema ndiyo, kiwanja Tanga, Tanzania, kimeandikwa kwenye ukurasa wa mali. Nikamfikiria yule bwana wa sebuleni na chai ya watoto wake, na nikajiuliza ningesema nini sasa hivi kama ningetia saini ile asubuhi.

Mfilisi alitaka hati. Wakili wangu alikuwa nazo tayari, pamoja na tafsiri na barua ya mwenyekiti. Kwa wiki nne sikulala vizuri. Mei akaandika mahakamani kwamba hakuna mali ya kugawa: ukitoa ile sehemu inayolindwa, kisha dalali, safari ya karatasi na ada za kuuza ardhi isiyopimwa upande wa pili wa dunia, wadai wasingepata kitu cha maana. Kiwanja kikabaki changu, mbele ya sheria, bila kujificha. Julai ikaja karatasi ya ukurasa mmoja ya kufutwa madeni. Kesi inakaa miaka kumi kwenye kumbukumbu zangu za mikopo, na sitaweza kufutiwa tena kwa Sura ya 7 mpaka ipite miaka minane. Wakili alinihakikishia kwamba kufilisika peke yake hakumnyimi mtu uraia. Kudanganya chini ya kiapo ndiko kungenifunga mlango.

Gharama zote, ukiacha ile 150 iliyopotea na yale makato ya siku moja: wakili 1,450, mahakama 338, masomo 35, tafsiri 120. Dola 1,943 kwa deni la 40,400. Wapo wanaoweza kulipa pungufu. Ofisi za msaada wa kisheria huchukua wenye kipato kidogo zaidi, na kuna Upsolve, shirika lisilotafuta faida, linalosaidia kujaza fomu bure kwa kesi nyepesi. Ningekuwa sina kiwanja, sina upatu, situmi pesa, huenda ningeanzia huko. Lakini ni nani kati yetu tuliotoka kule asiye na hata kimoja kati ya hivyo?

Na ulizeni bei kwa maandishi. Sheria inamtaka wakili akupe mkataba unaosema kazi gani ataifanya na kwa kiasi gani, na aiambie mahakama amekulipisha nini. Jaji akiona imezidi anaweza kumwamuru akurudishie.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kazini, Mkongomani wa Uvira, alinivuta kando wakati wa chakula akanionyesha barua. Niliitambua kabla hajaikunjua, ile ya siku 15. Akaniambia kuna mtu wa kumjazia fomu kwa 250, wakili wanataka elfu na zaidi, dada unaonaje.

Nikamuuliza, "Kwenu Uvira iko parseli, yaani kiwanja, yenye jina lako?"

Akakunja barua, akaiweka mfukoni. "Iko moja," akasema. "Ya baba, aliniandikia."

Nikampa namba ya yule mama wa juu ya duka la miwani.